Naomba msaada: jibini gani iliwe na tunda gani? Nanasi limeniharibia bakuli zima

Mpenda_Meza

Wakuu habari zenu, naomba wanaojua mambo ya jibini wanisaidie maana nimeanza kuipenda kweli ila mpaka sasa naenda kwa kubahatisha tu. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni sita, nikasema safari hii sipiki chakula kizito, nawawekea sahani kubwa ya jibini na matunda tule taratibu huku tunapiga stori. Nikanunua aina tano, Brie, Cheddar iliyokomaa, jibini laini ya mbuzi, feta na ile ya bluu yenye michirizi ya ukungu ndani. Upande wa matunda sikuchagua, niliweka kila kilichokuwepo, nanasi, zabibu, machungwa, stroberi, tikiti maji. Ile ya mbuzi nikaona niiandae mapema, nikaiponda na vipande vidogo vya nanasi bichi tangu usiku, nikafunika bakuli nikaingiza kwenye friji nikijua asubuhi itakuwa imekolea.

Kesho yake nafungua bakuli nakuta majimaji yamejitenga, jibini imelegea kama uji, na nilipoonja ilikuwa chungu. Sio ukali wa ndimu, ni uchungu kama wa kidonge ukikitafuna, unabaki nyuma ya ulimi hata ukinywa maji. Yote ikaenda kwenye ndoo ya taka na iliniuma kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitegemea. Brie nayo niliitoa kwenye friji wageni wakiwa wameshakaa, nikaikata hapohapo, ikawa ngumu kama kipande cha sabuni, haina harufu wala ladha. Ya bluu mgeni mmoja aliijaribu na kipande cha chungwa akakunja uso akaiacha. Kilichoisha ni Cheddar na zabibu basi.

Sasa Jumamosi hii wanakuja watu wanane. Mmoja ni mjamzito, mwingine hali nyama, na wengi wao hawatumii pombe kwa hiyo habari za divai siwezi kuzitegemea. Naomba nisipewe orodha tu ya hii na ile, nataka nielewe kwa nini jibini fulani inakubaliana na tunda fulani na nyingine inalikataa, ili siku nyingine nikikutana na jibini nisiyoijua niweze kujiamulia mwenyewe. Na kama kuna anayejua lile nanasi lilifanya nini naomba anieleze maana mpaka leo sielewi. Natanguliza shukrani.

Fundi Maziwa

Pole sana mkuu, hasa kwa hiyo ya mbuzi. Nianze na nanasi maana jibu lake liko wazi. Nanasi bichi, yaani ambalo halijapikwa, lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini na kazi yake ni kukatakata protini. Jibini nayo ni protini ya maziwa iliyoshikana ikabeba mafuta na maji ndani yake. Ukiviacha pamoja usiku kucha bromelaini inaikata ile protini vipande vidogo vidogo, maji yaliyokuwa yameshikiliwa yanaachiwa, ndiyo yale majimaji uliyoyakuta, na vile vipande vidogo vya protini vingi vyake ladha yake ni chungu. Kwa hiyo jibini yako haikuwa mbovu na nanasi halikuwa bovu, kilichoharibu ni muda uliovipa vikae pamoja.

Papai lina papaini, kiwi ina aktinidini, zote zinafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo hayo matunda matatu yakiwa mabichi usiyachanganye na jibini laini ukaweka akiba. Ukiyakata na kuyala palepale haina neno, dakika chache hazitoshi kuleta uchungu. Kinachoua kimeng'enya ni joto. Nanasi la kopo limeshapitishwa kwenye joto kiwandani ndiyo maana halileti shida hiyo. Mimi nalikata vipande vinene kama kidole, naweka kwenye kikaango kikavu chenye moto, nasubiri mpaka nisikie ile sauti ya maji yanayokauka na sukari ianze kushika rangi ya kahawia, nageuza, kisha naliacha lipoe kabisa. Hapo ndipo naweka jibini ya mbuzi juu yake na pilipili manga iliyosagwa papo hapo. Jaribu hiyo Jumamosi, utasahau machungu ya wiki iliyopita.

Kuhusu Brie tatizo ni baridi. Mafuta ya maziwa yakiwa ya baridi yanaganda na yakishaganda harufu haipandi, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha kinaingia kwa pua. Brie na ndugu yake Camembert zitoe kwenye friji saa nzima kabla ya kula, ngumu kama Cheddar nusu saa mpaka dakika 45, zile mbichi kama mozzarella au ya mbuzi dakika 15 zinatosha. Zikae nzima, zimefunikwa, ukizikata mapema zinakauka kingo. Kama huamini chukua Brie hiyohiyo, kipande kimoja kiache friji na kingine kiweke mezani saa nzima, halafu onja vyote viwili kimoja baada ya kingine. Kile cha mezani kitakuwa kimetutumka kidogo pale kilipokatwa, ukikibonyeza kinaacha alama ya kidole, na ukikiweka mdomoni kuna harufu ya uyoga na siagi ambayo kile cha baridi hakina kabisa. Na ganda lile jeupe linaliwa, ni ukungu salama uliopandwa makusudi, ndio unaoiivisha kutoka nje kwenda ndani.

Tini na Asali

Fundi kamaliza la nanasi. Mimi niongelee kanuni kwa sababu ndiyo hasa mkuu anaiomba.

Kabla sijafikiria tunda lolote naila ile jibini peke yake kwanza. Kipande kidogo tu, nakiacha kilainike mdomoni, najiuliza chumvi ikoje, mafuta yakoje, uchachu upo au haupo, na imekaa muda gani mpaka kukomaa. Tunda linakuja kuleta kile ambacho jibini haina. Ukiizoea hiyo hutahitaji orodha ya mtu.

Jibini yenye mafuta mengi kama Brie na Camembert inaupaka ulimi, ukila vipande vitatu mfululizo husikii tena kitu. Hapo unataka kitu cha kuusafisha ulimi, chenye maji na ukali kidogo na kinachovunjika ukikitafuna, tufaha la kijani kwa mfano au zabibu zilizo baridi. Normandy kule Ufaransa ndiko Camembert ilikotoka na ndiko kwenye mashamba makubwa ya matufaha, wamekula hivyo vitu pamoja vizazi na vizazi. Mara nyingi ukitaka kujua jibini iliwe na nini angalia kinachoota karibu na inakotengenezwa, sio sheria ila inasaidia sana.

Jibini mbichi ya mbuzi ni chachu na haina utamu, ndiyo maana inapenda asali, tini, bitiruti iliyochomwa, embe lililoiva. Mimi jina nililojipa humu limetoka kwenye hiyo sahani. Tini mbichi iliyoiva mpaka ngozi inapasuka kidogo, unaifungua kwa vidole, unaweka jibini katikati, tone la asali na jani dogo la thaimu. Hakuna kupika wala ufundi wowote, na sijawahi kuona sahani hiyo ikibaki.

Sasa ya bluu, hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mkuu usiikatie tamaa, chungwa ndilo halikuwa mwenzake. Ya bluu ina chumvi nyingi na ule ukali unaopanda mpaka puani, ukiiongezea ukali wa chungwa umeweka moto juu ya moto. Inataka utamu uliotulia usio na uchachu. Chukua peasi lililoiva, lile ukilibonyeza karibu na kikonyo linabonyea. Likate vipande vyembamba kwa urefu bila kulimenya. Weka juu yake jibini ya bluu kiasi cha ukucha wa kidole gumba, usizidishe, halafu nusu ya walnati, aina ya njugu. Ukiuma kwanza unapata maji ya peasi, kisha chumvi inaingia na ghafla peasi linakuwa tamu kuliko lilivyokuwa peke yake, ule ukali unakuja mwishoni ukiwa umeshapunguzwa makali. Chumvi kidogo inaamsha utamu na kufunika uchungu, ndicho kinachotokea hapo. Waitalia wana msemo wao kwamba mkulima asiambiwe jinsi jibini inavyonoga na peasi. Niliposikia kwa mara ya kwanza nilielewa moja kwa moja.

Ila chagua ya bluu ya kuanzia. Roquefort inatengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kukomazwa kwenye mapango ya mlima Combalou huko Ufaransa, jina lake linalindwa na sheria tangu 1925, na naiheshimu sana, lakini chumvi yake inamshtua mtu ambaye hajawahi. Stilton ya Uingereza imetulia zaidi kidogo. Kwa mgeni wa mara ya kwanza mimi natoa Gorgonzola ile tamu ya Italia, inapakika kama siagi, ukali ni wa mbali. Akishaipenda hiyo mwenyewe ataulizia kali.

mlaji_taratibu

Nakubaliana na Tini na Asali karibu kote ila hapo kwenye kwamba tunda lilete kile ambacho jibini haina, hapo naomba kupinga kidogo kwa sababu inafanya kazi kwa jibini changa na inakwama kwa zilizozeeka. Jibini iliyokaa miaka miwili imeshapata utamu wake yenyewe na ladha ya vitu vilivyokaangwa, hiyo ukiipa tunda chachu lenye maji mengi unaliosha lote lile lililosubiriwa miezi 24. Inataka kitu kinachofanana nayo.

Mfano Gouda ya Uholanzi. Ikiwa changa ni laini, ina ladha ya maziwa, ipe tufaha au zabibu nakubali. Lakini ikishakomaa miaka miwili au zaidi inageuka rangi ya kahawia hafifu, inakatika kwa kumeguka, na ladha yake ni ya sukari iliyoungua pamoja na chumvi. Hiyo ipe tende. Toa kokwa, weka kipande cha Gouda ndani palepale kokwa ilipotoka, bana, kula. Au lozi zilizokaangwa kavu, au chokoleti nyeusi isiyo tamu sana. Vitu viwili vya jamii moja vinakutana na kila kimoja kinamrefusha mwenzake, unaendelea kuisikia ladha hata baada ya kumeza.

Parmigiano-Reggiano ya Italia hivyohivyo. Ile haiuzwi kwa jina hilo kabla haijakaa angalau miezi 12, na ile ya miezi 24 au 36 ukiitafuna unasikia vichembe vinavyopasukapasuka. Watu wengi wanadhani ni chumvi, sio chumvi, ni tairosini, amino asidi inayojikusanya jinsi protini inavyovunjika kwa muda. Usiikate kwa kisu kama mkate, choma ncha ya kisu kifupi halafu geuza mkono ijivunje yenyewe, ile sura ya mawe inakamata asali au siki ya balsamiko vizuri zaidi. Balsamiko yenyewe inatoka mji wa Modena, na Modena iko ndani ya eneo lilelile inakotengenezwa hiyo jibini, kwa hiyo ile hoja ya angalia kinachotoka jirani naiunga mkono asilimia zote. Matone mawili matatu tu ile nzito, usimimine.

Na Hispania Manchego ya maziwa ya kondoo wanaila na kwinsi, tunda gumu linalofanana na peasi, iliyopikwa na sukari mpaka ikashikana ikawa ya kukata kwa kisu. Usipopata kwinsi tumia mapera. Brazil wanafanya hivyo miaka yote, mapera yaliyopikwa mpaka yakawa kipande kigumu chekundu, kando yake kipande cha jibini nyeupe unene uleule, unauma vyote kwa pamoja. Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kumpa mtu asiyeamini kwamba jibini na tunda vinaelewana nitampa hicho.

Zabibu naziona zimepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Zinaenda na kila kitu kwa sababu hazisemi kitu. Ziwepo ila usizifanye ndio msingi wa sahani.

NesiJikoni

Samahanini nakatisha stori tamu lakini kuna mgeni mjamzito na naona wote mmempita. Mkuu Mpenda_Meza hili usilichukulie juujuu. Kuna bakteria anaitwa listeria, anaweza kukua hata ndani ya friji, na kwa mjamzito anaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa mgonjwa hata kama mama mwenyewe alijisikia mafua tu. Anapenda jibini laini zenye maji mengi na uchachu mdogo. Kwa hiyo Brie, Camembert, ile ya mbuzi yenye ganda jeupe la ukungu na za bluu zilizo laini kama Gorgonzola asile zikiwa mbichi, hata kama zimeandikwa zimetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Na chochote laini cha maziwa mabichi aache kabisa.

Anachoweza kula ni kingi wala hatajisikia ametengwa. Ngumu zote, Cheddar, Gouda, Manchego, Parmigiano. Feta, mozzarella, halloumi na jibini laini ya mbuzi isiyo na ganda, hizo ziwe tu za maziwa yaliyochemshwa, imeandikwa kwenye pakiti, soma. Na kama anaitamani sana Brie ipike kwenye oveni mpaka itoe mvuke mpaka katikati, sio kupasha juujuu. Kitu cha muhimu kuliko vyote weka kisu tofauti na sahani tofauti, maana kisu kilichokata Brie kikiingia kwenye Cheddar kazi yote umeiharibu.

Na huyo asiyekula nyama muulize kama reneti inamsumbua. Reneti ni kitu cha kugandishia maziwa na ile ya asili inatoka kwenye tumbo la ndama. Parmigiano-Reggiano kwa kanuni zake lazima itumie hiyo ya ndama, kwa hiyo kwa mtu anayefuata sana hiyo haimfai. Cheddar nyingi siku hizi zinatumia reneti isiyo ya mnyama na mara nyingi pakiti inasema.

Mpenda_Meza

Jamani asanteni sana sikutegemea kupata elimu hii yote, na dada NesiJikoni Mungu akubariki maana ningemwekea Brie mbele yake bila kujua. Nimeandika yote kwenye daftari. Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza kwa watu wanane ninunue kiasi gani na aina ngapi, maana wiki ile nilibaki na vipande vingi vikakauka friji. La pili upande wa vinywaji kwa wasiokunywa pombe, juisi niliyoweka ilikuwa tamu mno ikaua kila kitu. Na halloumi niliyoona imetajwa sijawahi kuila, inaliwaje?

Chai Kavu

Kwa vinywaji niachie mimi mkuu. Chai. Chai ya moto ya rangi, bila maziwa na bila sukari. Joto lake linayeyusha yale mafuta yaliyoshika kwenye ulimi na ule ukakasi wa majani unausafisha mdomo, kazi hiyohiyo wanayoisifia divai nyekundu. Cheddar iliyokomaa na chai ya rangi nzito, kipande kidogo, funda moja, utanikumbuka. Chai ya kijani ipeleke kwa ile ya mbuzi. Kama unataka cha baridi juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari ukaizimua nusu kwa maji yenye gesi, hiyo inakaa vizuri na Brie. Juisi za kopo zilizojaa sukari weka mbali kwa sababu kinywaji kikiwa kitamu kuliko tunda, tunda linaonekana chachu na jibini inaonekana chumvi tupu.

Kiasi: aina tatu au nne zinatosha kabisa, tano ulizidisha. Hesabu gramu 30 kwa kila mtu kwa kila aina, kwa hiyo watu wanane ni kama gramu 240 kwa aina, na hapo ni kama jibini na mkate ndio mlo wenyewe. Kama kuna chakula kingine punguza nusu. Chagua zinazotofautiana, laini moja, ngumu ya zamani moja, mbichi moja, ya bluu moja ukitaka. Mkate uwe wa kawaida usio na viungo vingi. Na kuwe na kitu cha siki pembeni, matango madogo ya kwenye siki au zeituni, maana vikiwa vitamu vitupu ulimi unachoka katikati ya safari.

Vilivyobaki usivibane kwenye nailoni, jibini inataka kupumua kidogo. Funga kwa karatasi ya kuokea kisha weka kwenye chombo chenye mfuniko. Ngumu ikiota ukungu kata ule ukungu pamoja na sentimita mbili na nusu kuuzunguka, kisu kisiguse ukungu, inayobaki inaliwa. Laini ikiota ukungu usio wake tupa tu.

Halloumi sasa. Hii inatoka kisiwa cha Kupro (Cyprus), na inashangaza kwa sababu haiyeyuki. Ikishagandishwa wanaichemsha ndani ya maji yake yenyewe ya maziwa, ile protini inakaza, ndiyo maana unaweza kuiweka juu ya moto mkali ikabaki na umbo lake. Ikate vipande nusu inchi, ikaushe kwa taulo ya karatasi, hili usiliruke maana ikiwa na maji inatokota badala ya kushika rangi. Kikaango kikavu, moto wa kati, dakika mbili upande mmoja mpaka iwe na rangi ya dhahabu, geuza. Tikiti maji liwe limeshakatwa na liko baridi kweli kutoka friji. Ukitoa halloumi tu weka juu ya tikiti, majani ya nanaa, kamulia ndimu kidogo, na ile palepale. Moto na baridi, chumvi na utamu, ngumu inayolia kwenye meno na tunda linaloachia maji. Ikipoa inakuwa kama mpira kwa hiyo usiiandae mapema, iwe kitu cha mwisho, wageni wasimame na wewe jikoni wale inapotoka.

Feta nayo inapenda tikiti kwa sababu hiyohiyo ya chumvi, inakomazwa ndani ya maji ya chumvi miezi miwili au zaidi. Ukiona imezidi chumvi iloweke kwenye maji baridi dakika kumi na tano.

Mpenda_Meza

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho maana nyie mmeniheshimu na muda wenu. Niliweka aina nne tu, Brie, Gouda ya zamani, Gorgonzola tamu na ya mbuzi isiyo na ganda, halafu halloumi mwishoni. Brie niliitoa saa kumi, tukakaa saa kumi na moja na nusu, nilipoikata ilianza kumwagika taratibu kwenye ubao na harufu ikafika mpaka upande wa pili wa meza, mtu akauliza ni ileile ya wiki ile. Ni ileile.

Nanasi nililichoma. Nilisimama pale jikoni nikiwa na wasiwasi kweli, nikaacha lipoe, nikaweka ya mbuzi na pilipili manga kama Fundi alivyosema, mgeni wetu mjamzito ndiye aliyekula nyingi kuliko wote, sahani yake ilikuwa peke yake na kisu chake. Tende na Gouda ziliisha kabla sijakaa kwenye kiti, kwa hiyo mlaji_taratibu hoja yako imepita. Chai ya rangi waliicheka mwanzoni ila nimechemsha birika tatu.

Gorgonzola ndiyo nataka kuisema. Yule mgeni aliyekunja uso wiki ile na yeye alikuwepo, akasema hataki tena ya bluu. Nikamtengenezea kimoja tu, peasi, kiasi cha ukucha, nusu ya walnati, nikamwambia aume vyote kwa pamoja. Akatafuna kimya muda mrefu. Kisha akasogeza kiti akaanza kujikatia peasi mwenyewe, na mimi nikaamka kwenda kuongeza jingine maana lililokuwepo lilikuwa halitoshi.

Sasa naomba kuuliza, hiyo Roquefort nikiileta mwezi ujao, peasi linatosha au niongeze na asali?

Tini na Asali

Ongeza asali mkuu, ila itoke kwenye ncha ya kijiko tu. Na peasi liwe limeiva zaidi ya hilo la Jumamosi.